Nyumba ya mama bado iko rehani benki, nataka kununua sehemu za wadogo zangu. Nianzie wapi?

BintiBuswelu

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho, nimeandika na kufuta mara tatu.

Mama yetu alifariki Machi 2024 kwa shinikizo la damu, akiwa na miaka 54. Alikuwa muuguzi serikalini. Baba alitangulia 2009, kwa hiyo mama ndiye aliyekuwa baba na mama. Tumebaki watatu. Mimi ndiye wa kwanza, nina fremu ya kushona sare za shule Kirumba. Anayenifuata ni wa kiume, yuko Geita. Wa mwisho ni binti, yuko Muscat kwa mkataba wa kazi.

Mali aliyoacha ni nyumba moja tu, Buswelu, Ilemela, hapa Mwanza. Vyumba vitatu na sebule, jiko la nje, kiwanja kina hati. Aliinunua Julai 2015 ikiwa imeezekwa lakini haina dari wala plasta, kwa mkopo wa nyumba wa milioni 35, miaka 15, riba asilimia 17. Rejesho lilikuwa kama 540,000 kwa mwezi, linakatwa kwenye mshahara kabla hajaushika. Plasta ya chumba cha nyuma tuliipiga sisi wenyewe na fundi mmoja, mama akitoka zamu ya usiku anatupikia uji halafu anashika ndoo. Mimi ndiye ninayeishi humo sasa na wanangu wawili.

Alipofariki mshahara ulisimama na rejesho likasimama. Sisi tulikuwa kwenye msiba, halafu arobaini, halafu kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Hakuna aliyekwenda benki. Tarehe 9 Desemba ikaja barua, imeandikwa jina la mama: deni ni 28,640,000 pamoja na riba na adhabu, lipeni ndani ya siku 60, la sivyo nyumba itauzwa. Nilipoomba taarifa ya mkopo nikaona siku mama anafariki deni lilikuwa 24,970,000. Zaidi ya milioni tatu na nusu zimeongezeka kwa miezi tisa ya sisi kukaa kimya. Nalaumu kichwa changu kila nikiikumbuka hiyo hesabu.

Mdogo wangu wa Geita anataka tuuze. Dalali ameshaleta mteja wa milioni 80, yuko tayari kutoa kianzio cha milioni 20 wiki hii tukimpa funguo. Mthamini niliyemlipa anasema nyumba ina thamani ya milioni 92.

Mimi sitaki iende kwa mtu baki. Nimepiga hesabu hivi: 92 toa deni 28.64 inabaki 63.36, gawa kwa watatu ni milioni 21.12 kila mmoja. Nikiwapa wadogo zangu wawili 42.24 na nikilipa deni lote, natakiwa kuwa na milioni 70.88. Nina akiba ya milioni 14 SACCOS na wanatukopesha mara tatu ya akiba, yaani 42. Mkononi nina 17. Jumla 59. Nimepungukiwa na milioni kama 12.

Maswali yangu. Je, benki inaweza kuniruhusu niendelee na mkopo wa mama kwa rejesho lilelile? Deni hili linatuhusu sisi watoto binafsi, yaani wanaweza kuja kuchukua vyerehani vyangu? Na kikao cha ukoo kimekaa, mjomba na baba mdogo wamenipendekeza mimi niwe msimamizi wa mirathi kwa kuwa ni wa kwanza na niko hapa Mwanza. Nikubali?

Mtoto wa Igoma

Pole sana dada. Usijichoshe na mahakama. Benki wanachotaka ni hela. Lipa hilo rejesho kila mwezi kwa jina la marehemu, 2030 mkopo ukiisha unakwenda kuchukua hati yako kimya kimya. Mirathi ndiyo inayogombanisha ndugu.

Kinyerezi1978

Mtoto wa Igoma, kwa heshima, hapo unampoteza dada wa watu. Akilipa miaka sita kwa jina la marehemu, mwisho wake hati itatoka ikiwa bado na jina la marehemu, na wadogo zake watakuwa na sehemu zao zilezile ndani ya nyumba aliyoilipia yeye. Atakuwa amewalipia deni, siyo amenunua.

Dada, mimi si ndugu wa marehemu, nilikuwa mnunuzi wa nje, ila nyumba niliyonunua huku Kinyerezi ilikuwa hivyohivyo, urithi wenye rehani. Nakueleza nilivyoumia ili umwelewe na huyo mteja wa dalali.

Mwaka 2018 nilimpa kaka mkubwa wa familia milioni 15 za kianzio. Tuliandikishana serikali ya mtaa, mashahidi wanne, mihuri, picha. Niliamini karatasi ile kama hati. Kumbe yule kaka hakuwa na barua ya mahakama ya kumteua kuwa msimamizi, alikuwa na muhtasari wa kikao cha ukoo tu. Muhtasari unampendekeza mtu, haumpi mamlaka ya kuuza hata bati moja. Nilipokwenda ardhi kufanya sachi ndipo nikaona rehani ya benki imesajiliwa juu ya hati. Yeye alikuwa ameniambia hati "iko kwa wakili". Wenzake wakapinga asiteuliwe, mahakama ikamteua dada yao, na dada yao akasema hanitambui. Nimefukuzia hela yangu miaka miwili, nikarudishiwa 9 kati ya 15.

Kwa hiyo mwambie mdogo wako wa Geita asipokee hiyo milioni 20. Leo hii hakuna mtu katika familia yenu mwenye mamlaka ya kuuza. Mkitoa funguo na mteja akaingia, kumtoa ni kesi, na deni la benki linaendelea kupanda akiwa ndani.

Nyumba ileile baadaye niliinunua kwa yule dada, na mara hii hela yangu haikupita mkononi mwa mtu. Tulifanya makubaliano ya pande tatu: msimamizi, benki, na mimi. Benki ikatoa barua ya deni kamili mpaka tarehe fulani, ikaahidi kwa maandishi kwamba nikilipa kiasi hicho itafuta rehani na kutoa hati. Nikalipa moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo wa marehemu. Kiasi kilichobaki kikaenda akaunti ya mirathi, siyo ya mtu binafsi. Ilichukua miezi minane, lakini usiku nilikuwa nalala.

NilikuwaMikopo

Nimefanya kazi idara ya mikopo miaka kumi na moja, sasa nimeacha. Nimesoma maelezo yote nikawa nasubiri neno moja na sijaliona: BIMA.

Dada, mkopo wa nyumba wa muda mrefu wa mtumishi kwa kawaida huwa na bima ya maisha ya mkopaji. Mkopaji akifariki, kampuni ya bima inailipa benki salio la deni. Tafuta barua ya ofa ya mama ya 2015, angalia kipengele cha bima. Kama huna nakala, angalia taarifa ya akaunti yake ya mwezi mkopo ulipotoka. Utaona pesa iliyokatwa pembeni, ama mara moja ama kila mwaka.

Aliyekupokea dirishani pengine hana habari. Usiulize dirishani. Andika barua kwa meneja wa tawi, ambatanisha nakala ya cheti cha kifo cha RITA, uliza kwa maandishi: je, mkopo huu una bima ya maisha, kampuni gani, na je, benki imepeleka madai? Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Fanya kesho asubuhi, maana mikataba mingi ya bima inaweka muda wa kutoa taarifa ya kifo, na wewe umeshakaa karibu miezi kumi.

Jambo jingine, bima mara nyingi inalipa salio la siku ya kifo. Riba na adhabu zilizoongezeka baadaye ndizo mtakazozungumza na benki. Waombeni wafute adhabu. Kama bima ilikuwepo na benki ilikuwa na taarifa ya kifo, mna hoja.

BintiBuswelu

Kaka NilikuwaMikopo, nimesoma ujumbe wako nikiwa fremu nikaacha kushona. Hakuna mtu aliyewahi kututajia bima. Mwajiri alipewa taarifa ya msiba wiki ileile, lakini benki sisi hatukuiandikia. Kesho naanza na sanduku la mama la makaratasi.

WakiliKandaYaZiwa

Pole kwa msiba, dada. Nitajibu ulichouliza, kisha nikuonye jambo moja ambalo wengine hawajaligusa.

Deni. Ni deni la marehemu, linalipwa na mali ya marehemu kabla warithi hawajagawana. Wewe na wadogo zako hamdaiwi kwa mifuko yenu, isipokuwa kama kuna mmoja wenu alisaini kama mdhamini. Vyerehani vyako viko salama. Nyumba ndiyo isiyo salama, kwa sababu rehani imeshikamana na nyumba, na kifo hakiifuti.

Ile notisi. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inataka mkopaji aliyeshindwa kulipa apewe siku 60 kabla benki haijatumia haki ya kuuza, na kabla ya mnada lazima kuwe na tangazo la angalau siku 14. Benki ina wajibu pia wa kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana. Ikiuza kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kuwa imekiuka wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo. Ripoti yako ya uthamini ni silaha, itunze. Lakini msikae mkisubiri siku ya mnada. Notisi imekwenda kwa jina la mtu aliyefariki. Waandikieni sasa kwamba mkopaji amefariki, mirathi inafunguliwa, swali la bima liko wazi, na mnaomba wasimamishe. Mkiweza, wekeni chochote kwenye akaunti ya mkopo, hata rejesho moja au mawili, na mbaki na stakabadhi kwa jina la aliyelipa ili mirathi imrudishie.

Kuendelea na mkopo wa mama. Mkataba wa mama ulipimwa kwa mshahara wa mama. Benki ikikubali itakutaka uombe kwa jina lako, ikupime upya, na riba inaweza kuwa nyingine. Omba, ila usijenge mpango wako wote juu ya hilo.

Sasa onyo. USIKUBALI kuwa msimamizi wa mirathi kama unataka kununua nyumba hiyo. Msimamizi ni mtu aliyeshika mali kwa niaba ya wengine, akijiuzia mwenyewe, mrithi yeyote anaweza kwenda mahakamani kuomba mauzo yabatilishwe, hata kama bei ilikuwa ya haki. Leo mnapendana. Miaka minane ijayo Buswelu ikipanda bei, mke wa mdogo wako atauliza nani alipanga zile milioni 92. Mdogo wako wa Geita awe msimamizi, wewe uwe mrithi na mnunuzi. Huyo wa Muscat aandike ridhaa yake na kuithibitisha ubalozi wetu kule, asiishie kutuma sauti ya WhatsApp.

Akishateuliwa, msimamizi anasajiliwa kwanza kwenye hati kama msimamizi. Rehani inafutwa. Kisha ndipo jina linahamia kwako. Hakikisheni kodi ya pango la ardhi haidaiwi, itawakwamisha dirishani. Ukinunua kama mnunuzi wa kawaida kuna ushuru wa stempu asilimia 1, na upande wa muuzaji kuna kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida. Lakini wewe pia ni mrithi. Mnaweza kufanya mgao wa mirathi ambapo nyumba inakwenda kwako na wewe unawafidia wenzako, na mkaandika hivyo kwenye hesabu za mirathi. Kikodi mambo hayo mawili si sawa, kwa hiyo nendeni TRA na rasimu kabla ya kusaini.

Shangazi Tunu

Mwanangu, mimi sina sheria. Nilizika mume, najua nyumba inavyoweza kuwatawanya watoto. Mpigie mdogo wako wa Muscat mwenyewe, msomee hizo hesabu shilingi kwa shilingi, kabla hajasikia kwa wengine. Aliye mbali huwa wa mwisho kuambiwa, na kinachomuuma ni hicho kuliko hela yenyewe.

BintiBuswelu

Shikamoo shangazi. Nilimpigia usiku uleule, saa tano kwa saa za huku. Alilia, akasema alikuwa ameshaambiwa nimeuza nyumba. Asante sana kwa neno lako, bila wewe ningemwachia mdogo wetu wa kati amweleze.

Wakuu, narudi baada ya wiki saba, nimeahidi wengi huko kwenye ujumbe kwamba nitaleta mrejesho.

Sanduku la mama lilikuwa na kadi zetu za kliniki, risiti za saruji za 2016, na chini kabisa barua ya ofa. Kipengele cha bima kipo. Mama alikatwa malipo ya bima siku mkopo unatoka, na nimeiona kwenye taarifa ya akaunti yake Julai 2015. Aliilipia nyumba hii mpaka kifo chake na zaidi, na sisi tulikuwa hatujui.

Niliandika barua kama kaka alivyonielekeza, nikabaki na nakala yenye muhuri. Wiki mbili kimya. Nikarudi na mdogo wangu, tukakaa pale tawini mpaka meneja akatupokea. Wamekiri bima ipo na madai hayakuwa yamepelekwa. Wamesimamisha notisi kwa maandishi. Kampuni ya bima imeomba cheti cha kifo, ripoti ya daktari, na sasa wanataka historia ya matibabu ya mama tangu kabla ya 2015, wanasema wanachunguza kama presha aliianza kabla ya mkopo. Hilo limenikosesha usingizi. Mama alijaza fomu ya afya mwenyewe, na mwenzake wa wodini ananiambia presha ilimwanza mwaka 2019. Tumeomba faili lake hospitali. Kaka NilikuwaMikopo amenielekeza kwamba wakikataa bila sababu ya haki naweza kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mirathi tumefungua, mwombaji ni mdogo wangu wa Geita. Mjomba alichukia mwanzoni, akaona nimekataa heshima ya ukoo. Nilimsomea maneno ya wakili, akanyamaza, kisha akasaini. Mteja wa milioni 80 tumemwambia hatuuzi, na dalali amekasirika.

Mdogo wangu ameuliza, bima ikilipa, mimi ndiye nitakayefaidika? Nilikuwa nimeshaiandika hesabu kabla hajauliza. Bima ikilipa zile 24,970,000, linabaki 3,670,000 la riba na adhabu. Hilo tunalitoa kwenye 92, inabaki 88.33, kila mmoja ana milioni 29.44. Wao wanatoka kwenye 21.12 wanapanda mpaka hapo. Mimi natakiwa kuwa na 62.55 badala ya 70.88, nimepungukiwa na milioni tatu na nusu tu, hizo nitazipata msimu wa sare. Bima ikikataa, tunarudi kwenye hesabu ya kwanza na wamekubali nimalizie sehemu zao kwa miezi kumi na minane, nyumba isihamie jina langu mpaka senti ya mwisho. Hilo la mwisho nililisema mimi.

Binti wa Muscat amekwenda ubalozini, karatasi yake inakuja na mtu wa Mwanza anayerudi likizo mwezi ujao.

Swali langu lililobaki ni kwa wakili. Tangu Januari nimelipa marejesho mawili ya 540,000 kwenye akaunti ya mama, stakabadhi zina jina langu. Bima ikilipa salio lote la siku ya kifo, hizo 1,080,000 nizihesabu kama nimepunguza ile 3,670,000, au nidai nirudishiwe na mirathi?

WakiliKandaYaZiwa

Zihesabu kama deni la mirathi kwako. Mdogo wako aziandike kwenye orodha ya madeni, pamoja na gharama za mazishi kama kuna aliyetoa mfukoni. Ukizipunguza kimya kimya kwenye 3,670,000, utakuwa umewalipia wote watatu kwa hela yako na haitaonekana popote. Na mleteeni hakimu zile stakabadhi halisi, siyo picha za simu.

BintiBuswelu

Nimeelewa wakili. Stakabadhi nimezirudisha kwenye sanduku la mama, pamoja na barua ya ofa.